Wa Ishirini na Tatu

Mkataba wa Pauline Naliaka uliisha mwezi wa tano, na mwezi wa tisa alikuwa bado yuko Riyadh akimlisha Babu supu kwa kijiko cha mtoto. Kila alipouliza habari ya safari yake, bosi Nayef alimjibu kwa upole wa mtu ambaye jambo hilo halijamkosesha usingizi hata siku moja.

"Bukra, kesho, inshallah. Babu akishapumzika, na wewe utapumzika. Daktari amesema ni wiki moja tu."

Daktari alikuwa amesema hivyo kweli, ila alisema mwezi wa tano. Tangu hapo wiki zilikuwa zimepita kumi na saba, na Babu alikuwa akimeza supu yake vizuri kuliko mwanzo.

Babu hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mpolandi, jina lake Kazimir, na alikuwa babu yake Madam Elen, Mfaransa aliyekutana na Nayef chuoni huko Lyon wakaoana. Mzee alipofiwa na mkewe kule Ufaransa, Madam alimchukua akamleta Riyadh. Umri wake ulikuwa miaka tisini na sita na miguu yake haikumbeba tena. Kwa kuwa ujanani aliwahi kuchimba makaa ya mawe Uingereza miaka mingi, Kiingereza chake kilimtosha kuzungumza na Pauline.

Ubaya wa jambo hili ulikuwa wazi, na sioni sababu ya kuuzungukazunguka. Ili Pauline arudi kwa binti yake, ilibidi Babu afe, na aliyepewa kazi ya kuhakikisha Babu hafi ni Pauline mwenyewe. Alimgeuza ubavu kila saa mbili, akampaka mafuta mgongoni, akampima joto. Alikuwa mtu wa kanisani, tena hodari wa kazi, na hakuweza kuifanya vibaya hata kama angetaka. Lakini usiku akipiga magoti hakujua aombe nini.

Binti yake, Maureen, alikuwa Kitale kwa bibi yake Susan. Pauline alimwacha ana miaka mitatu, na sasa alikuwa anakaribia sita. Jumapili ile Pauline alipopiga simu, mtoto alisikiliza kidogo, kisha akasikika akimwambia bibi yake, "Kukhu, ni yule mama wa simu." Pauline alimaliza mazungumzo akicheka, akakata, akaenda kukaa kwenye chumba cha kufulia mpaka mashine ilipomaliza kuzunguka.

*

Tangu mwezi ule wa tano, kila siku saa kumi na moja jioni, jua la Riyadh likiwa bado jeupe kwenye kuta za nje, Babu aliita majina. Hakuwa na saa ya mkononi na mapazia yalifungwa, lakini hakukosea hata dakika. Alitaka asukumwe hadi katikati ya chumba, avalishwe koti, ageuziwe mlango.

"Zaremba," alianza. Alingoja kidogo, akaitikia kwa kichwa, akakunja kidole kimoja.

"Kulesha." Akasubiri, akaitikia kwa kichwa.

Majina hayakumsumbua Pauline. Wazee wengi huita majina. Kilichomsumbua ni macho. Kila jina lilikuwa na mahali pake pa kutazamwa. Huyu alitazamwa juu, karibu na kiyoyozi, yule alitazamwa chini kidogo, na wawili walitazamwa pamoja pale dirishani. Kwa miezi minne hakuna hata mmoja aliyebadilisha nafasi yake. Pauline alikuwa amekwisha kujizoesha kutopita karibu na kabati saa hiyo, kwa sababu hapo ndipo aliposimama Zaremba. Na chumba, ambacho kilikuwa kikavu kiasi cha kupasua midomo, kilianza kunuka majani mabichi na sufu iliyolowa.

Majina yalipofika ishirini na mbili, Babu alitazama mlangoni.

"Walenti Sroka."

Hapo alingoja zaidi. Kisha akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ishirini na wawili. Kesho tena." Baada ya hapo hakula kitu.

Siku moja Pauline alimuuliza hao ni akina nani.

"Kikosi changu," Babu alisema. "Mwezi wa sita mwaka 1940. Wafaransa walikuwa wameshindwa, na sisi Wapolandi tuliokuwa pamoja nao tukashindwa nao. Wajerumani walikuwa nyuma yetu, mbele kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto Uswisi, nchi isiyopigana na mtu. Ukivuka umeokoka. Lakini unatoa bunduki, unatoa hati zako, na hutoki tena mpaka vita viishe."

"Kama jela?"

"Mfungwa wa jela anajua alikosa nini. Sisi tulilala pazuri, tulikula, tuliwalimia viazi, tuliwajengea barabara. Ila huendi popote. Huruhusiwi kuoa kwao. Na kila jioni unaitwa jina uitike."

Pauline alifikiria pasipoti yake iliyokuwa ghorofani, kwenye droo ya bosi yenye ufunguo, akaendelea kumkanda mzee vidole.

"Mimi nilikuwa koplo," Babu akasema. "Nilisimama ukingoni nikiandika risiti. Mtu ananipa bunduki na hati, nachana karatasi vipande viwili, nusu yake, nusu yangu. Sroka alinipa vyake, nikamwandika ameingia. Halafu akasema amesahau mkoba wake ng'ambo. Nikamwambia auache. Akarudi majini. Jioni mlinzi Mswisi akauliza tuko wangapi. Karatasi ilisema ishirini na tatu. Watu walikuwa ishirini na wawili."

"Pole, Babu."

"Nilimwandika ameingia, na hakuingia. Kwa hiyo hatujamaliza. Hakuna anayeruhusiwa kutoka kabla hesabu haijatimia."

*

Jikoni alikuwako Zipporah, mpishi, mwanamke wa Taita aliyekuwa na miaka kumi na moja Saudia. Alikuwa ametumikia nyumba tano kabla ya hiyo. Pauline alimwita Anti, ingawa hawakuwa na udugu wowote zaidi ya kulala chumba kimoja.

"Anti, nikimwitikia yule Sroka itakuwa vibaya?"

Zipporah aliacha kukata kitunguu. "Umwitikie vipi?"

"Tu hivyo. Pale college tulikuwa tunaitikiana kila siku. Mtu akienda town, wewe unaitika present mara mbili, na sauti mbili. Lecturer anaweka tick. Hakuna mtu anaumia."

"Huyo mwenzako ulikuwa unamjua sura. Ulijua ameenda town na atarudi. Huyu unajua yuko wapi?"

"Amekufa, Anti. Miaka sabini na kitu."

"Basi na wewe unataka kusimama mahali pake." Zipporah alirudia kitunguu chake. "Kwetu mtu akikuita na humwoni, huitiki. Hata kama ni sauti ya mamako. Unanyamaza, unaenda kumtafuta kwa macho. Sasa wewe unataka kuitika mwito wenye si wako hata."

"Ni mzee amechoka. Anangoja tu kusikia mtu akisema nipo. Akisikia, atapumzika."

"Na wewe unangoja nini?"

Pauline alichukua sinia la Babu akatoka, na uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, kwa sababu Anti alikuwa ameona.

*

Siku iliyofuata saa kumi na moja, majina yaliitwa kama kawaida. Pauline alisimama mlangoni, mgongo umenyooka, mikono imebana mapaja.

"Walenti Sroka."

"Nipo," Pauline alisema.

Babu aliinua kichwa. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Pauline baridi, kwamba hakushangaa hata kidogo.

"Umechelewa, Sroka."

"Samahani, koplo."

"Viatu vyako vina maji."

Pauline alitazama chini. Sakafu aliyosimama ilikuwa imelowa, na ndala zake zilikuwa zimelowa. Alijaribu kukumbuka kama alipiga deki. Alikuwa amepiga, lakini asubuhi, na Riyadh maji ya deki hukauka kabla hujakamua tambara.

Babu aliomba karatasi na kalamu. Mkono ule ule uliokuwa umeshindwa kushika kijiko mwaka mzima uliandika mistari miwili bila kutetemeka. Alikunja karatasi, akaichana katikati, akampa nusu.

"Silaha?"

"Sina, koplo."

"Hati zako?"

"Sinazo. Ziko kwa bosi."

"Nitazichukua mimi," Babu alisema. "Siku ukitaka kutoka, lete nusu hiyo. Bila hiyo hata mimi siwezi kukutoa." Kisha akakunja kidole cha mwisho, akavuta pumzi ndefu. "Ishirini na watatu. Wote wapo."

Alilia kidogo, bila sauti. Jioni ile alikula supu yote na mkate, akaomba na chai. Pauline aliiweka ile nusu ya karatasi ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi, akajiambia kwamba amemfanyia mzee wema.

Kesho yake, saa kumi na moja kasoro dakika chache, akimvalisha koti, Babu alikufa. Alikufa kwa adabu, kama mtu aliyeagwa. Pauline alimfumba macho, akalia kwa uchungu wa kweli, na katikati ya kilio akasikia moyo wake ukisema Maureen, Maureen, akajichukia.

*

Babu alipata karatasi yake ya kutoka kwa siku nne. Kwa kuwa hakuwa Mwislamu na familia ilitaka azikwe kando ya mkewe, bosi Nayef alizunguka ofisi kwa ofisi, akapigia simu watu wake, akatia sahihi, na mzee akapanda ndege kwenda Ufaransa na Madam pembeni yake. Pauline aliyatazama hayo yote akiwa ameshika ufagio. Hakuwa amejua kwamba bosi anaweza kwenda mbio namna ile.

Madam aliporudi, Pauline alimwendea bosi.

"Baba, sasa naomba exit yangu, ile karatasi ya kutoka. Babu ameshapumzika."

"Tayyib, sawa. Haki yako." Nayef hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajazoea kuharakishwa na mtu anayempikia chai. Alipanda ghorofani kuleta pasipoti. Alikaa muda mrefu, na aliposhuka sura yake ilikuwa nyingine.

"Iko wapi?"

"Nini, baba?"

"Pasipoti. Haimo kwenye droo. Ufunguo ninao mimi. Ya Zipporah imo, yako mafi, hakuna."

Waliitwa wote wawili. Madam Elen alivaa glavu za jikoni, akaingia chumbani kwao. Alifunua godoro, akamwaga begi la Pauline kitandani, akapekua sidiria moja moja, akanusa chupa ya losheni, akachukua Biblia akaitikisa kichwa chini. Ile nusu ya karatasi ilidondoka. Madam aliiokota, akaisoma, akaitazama kwa muda. Kisha akaitupa kitandani bila neno, akatoka na macho mekundu.

"Nani ameiba pasipoti yake mwenyewe, Anti?" Pauline aliuliza, akikunja nguo zake upya.

"Wanaotoroka huiba. Ndivyo wanavyofikiria."

"Lakini mimi sijatoroka. Niko hapa."

Zipporah aliiangalia ile nusu ya karatasi. "Alikuambia nini vile, kuhusu hati zako?"

"Alisema atazichukua mwenyewe."

"Babu hakusimama tangu Ramadhani," Zipporah alisema. Wakazima taa.

*

Mwezi wa kumi bosi alihamishiwa Jeddah kikazi, na nyumba nzima ikahamia mtaa wa Al-Rawdah, kwenye jumba jeupe lenye lango la umeme. Ubalozi wa Kenya ulibaki Riyadh, mwendo wa siku nzima kwa gari, na Pauline hakuwa na gari wala ruhusa ya kuvuka lango. Kuripoti kwamba pasipoti ya mfanyakazi imepotea mikononi mwake kungemletea bosi maswali, na bosi hakupenda maswali. Akasema bukra.

Vitu vya Babu vilikuja pia. Madam alivipangia chumba cha chini, karibu na jikoni: kiti cha magurudumu, koti, na kisanduku cha chuma cha kijani alichokuja nacho kutoka Ufaransa. Kisanduku kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake Babu alikuwa akiuvaa shingoni. Alizikwa nao. "Kisiguswe," Madam alisema. Kikawekwa mezani.

Siku ya tatu Pauline alikuwa akifuta vioo vya korido. Ilikuwa jioni ya Jeddah yenye jasho, msikiti wa jirani bado haujaadhini. Nyuma ya mlango wa chumba kile mtu akasema, "Zaremba."

Kimya kidogo.

"Kulesha."

Pauline aliendelea kufuta mahali pamoja. Alifuta mpaka jina la ishirini na mbili. Halafu sauti ya Babu, ile ile iliyochoka, ikasema, "Walenti Sroka," ikangoja. Iliendelea kungoja. Harufu ya sufu mbichi ilipita chini ya mlango. Alipotazama sakafu, maji yalikuwa yametokeza pale, membamba, yakimfuata kwenye ndala.

"Ishirini na wawili. Kesho tena."

Ikawa hivyo kila siku. Madam alipita pale saa hiyo hiyo akiongea na simu, asisikie lolote. Bosi alilalamika tu kwamba bomba linavuja, akaleta fundi, na fundi akasema hakuna bomba upande huo. Pauline alikonda. Akawa haitiki akiitwa. Madam alimwita kutoka bustanini, akanyamaza. Bosi alimwita kutoka juu, akanyamaza mpaka alipopanda akamwona kwa macho. Walimwita kiburi, kisha wakamwita mgonjwa, kisha Madam akamwambia kwa heshima zote kwamba huenda anajifanya.

Rafiki yake Miriam, aliyetoroka kwa bosi wake na kuishi mtaa wa Al-Mahjar hapo Jeddah na wanawake saba katika chumba kimoja, alimwandikia kwenye simu. "Kuja tu. Toka na taka asubuhi, kuna taxi. Utapata vibarua." Pauline alilifikiria hilo siku mbili nzima. Lakini Miriam mwenyewe alikuwa na miaka minne hapo Al-Mahjar, bila hati, akijificha kila gari la polisi likipita. Huko nako ni ng'ambo ya mto, Pauline alijiambia, na huko hakuna hata wa kukuandikia risiti.

*

"Iko kwenye hicho kisanduku," Zipporah alisema asubuhi moja, akikanda unga. Alisema bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Naogopa, Anti."

"Vunja kufuli."

"Nikivunja ni wizi, na kwa Madam nimekwisha kuwa mwizi. Na yeye alisema nilete nusu." Pauline alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Lakini nikiingia lazima niitike tena. Na nikiitika halafu nitoke, hesabu inarudi ishirini na mbili. Atakubali?"

Zipporah aliendelea kukanda. Mikono yake ilikuwa na makovu ya majiko ya nyumba sita.

"Jana nilimsikia Maureen kwa hiyo simu yako," akasema hatimaye. "Alikuwa anauliza kama huyo mama wa simu ako na miguu. Enda saa kumi na moja. Mimi nitasimama mlangoni."

Saa kumi na moja waliingia koridoni bila viatu. Madam alikuwa amekwenda sokoni Balad kununua mapazia, bosi alikuwa kazini. Pauline alifungua mlango, akaingia peke yake, na mlango ukajifunga nyuma yake polepole. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kiti, koti juu ya kiti, na kisanduku.

Majina yakaanza. Safari hii, akiwa ndani, alisikia pia kile ambacho Babu alikuwa akingojea kila baada ya jina. Halikuwa neno. Ilikuwa pumzi ya mtu anayesogeza mguu na kusimama wima. Moja pale ambapo kule Riyadh palikuwa na kabati, moja juu karibu na kiyoyozi, mbili pamoja dirishani. Chumba kilikuwa kimejaa watu.

"Walenti Sroka."

"Nipo, koplo." Sauti yake ilikatika, akaanza upya. "Nipo. Naomba kutoka. Nina mtoto." Akaweka ile nusu ya karatasi juu ya kisanduku.

Kufuli lilifunguka. Lilikuwa la zamani, na unyevu wa Jeddah hula chuma, kwa hiyo mtu mwenye akili zake angesema lilikuwa limeoza likingoja kuguswa. Pauline aliinua kifuniko. Juu kabisa ilikuwako pasipoti yake ya bluu, imebanwa na nusu ya pili ya karatasi, na kurasa zake zilikuwa zimelowa. Aliichukua akaibana kifuani.

"Ishirini na wawili," sauti ikasema.

Alivuta kitasa cha mlango, kikagoma. Maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu, ya baridi, baridi ambayo Jeddah haijawahi kuijua. Nyuma yake pumzi zote zilitulia pamoja, na ile sauti ikaita tena, bila hasira, jinsi karani anavyorudia jina la mtu aliyechelewa.

"Walenti Sroka."

Pauline alifumba midomo kwa mkono. Hapo mlango ulifunguliwa kutoka nje. Zipporah alisimama kizingitini na unga wa mikate ya jioni mikononi, akamtazama Pauline, kisha akakitazama kile kiti kitupu.

"Anti, usi..."

"Nipo," Zipporah alisema.

Alimshika Pauline mkono akamvuta nje, akaingia yeye, akasimama pale alipokuwa amesimama Pauline. Ndani kulisikika mtu akivuta pumzi ndefu ya kuridhika. Korido ilikuwa kavu.

*

Bosi aliipokea pasipoti kwa vidole viwili. "Kumbe ulikuwa nayo."

"Ilikuwa kwenye kisanduku cha Babu."

Alifungua kinywa amwite mwongo, lakini Madam alikuwa amekwisha kukaa sakafuni na kile kisanduku, akiunganisha nusu mbili za karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Babu, na tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya kifo chake.

"Alikuwa hawezi kushika kijiko," Madam alisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiarabu, ili mumewe asikie vizuri. Akamgeukia Pauline. "Nilipekua nguo zako."

"Ndiyo, Madam."

Hakuomba radhi. Alisema tu, "Nayef, mwache aende. Halas, basi." Karatasi ya kutoka ilipatikana kwa siku sita, na siku zote hizo, saa kumi na moja, Zipporah alikwenda kuitika, na nyumba ikawa kimya.

Usiku wa mwisho Pauline alimshika Zipporah mkono kitandani.

"Anti, kwa nini?"

"Nyumbani ningeenda kwa nani? Ndugu yangu aliuza hata shamba la mama, na kaburi liko ndani. Pasipoti yangu ikikaa kwa droo au kwa kisanduku, ni mamoja." Alimpapasa mkono. "Lala. Ndege ni ya asubuhi."

*

Saa za Jeddah na za Kitale ni moja. Pauline alikuwa amesahau hilo siku aliyompigia simu Zipporah, mwezi wa pili, akiwa ameketi nje ya jiko la mama yake na kuku wakimzunguka. Maureen alikuwa ameanza shule na alikuwa amekwisha kuacha kumwita mama wa simu, ingawa bado alimtazama miguu.

Waliongea juu ya mvua, juu ya Madam aliyekuwa mjamzito, juu ya bei ya sare. Sauti ya Zipporah ilikuwa nzuri, yenye utulivu ambao Pauline hakuwahi kuusikia kwake.

"Anti, nimeongea na mtu wa ubalozi. Kuna njia ya kukutoa. Nusu yako ya karatasi unayo?"

"Nilipewa, nikaitia jikoni."

"Umeichoma?"

"Pauline, nisikilize, na usilie. Mwanzoni alikuwa ananiita hilo jina la yule mzungu. Siku hizi ananiita Zipporah Wakesho, vizuri kabisa, herufi zote. Tangu mama afe hakuna mtu alikuwa ameniita hivyo. Ni Zipporah lete chai, Zipporah toa taka. Huyu ananiita, halafu ananingoja."

Pauline alitazama jua juu ya mahindi. Lilikuwa limeanza kuinama.

"Anti, toka hapo. Enda barabarani, enda popote. Leo tu usiitike."

"Subiri kidogo, mama," Zipporah alisema kwa upole. "Saa imefika."

Simu iliwekwa mahali bila kukatwa. Pauline alisikia nyayo za miguu mitupu zikienda, zikikanyaga maji, kisha mlango. Alisikia majina, moja moja, na baada ya kila jina mtu akisogeza mguu. Akahesabu bila kutaka. Lilipofika la ishirini na tatu, alisikia jina la rafiki yake likiitwa kama linavyoitwa jina la mtoto jioni, na akasikia, mbali lakini waziwazi, mwanamke akiitika.

Nyuma ya nyumba Maureen aliita, "Mama." Pauline alikuwa hamwoni. Aliinuka na simu mkononi, akazunguka jiko, na hakuitika mpaka alipomwona mtoto kwa macho yake.